Lubugo Iliyofuliwa kwa Sabuni

Kabati lililetwa Jumatatu likinuka vanishi, na kabla jua halijazama nusu ya akina mama wa usharika walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Mwalimu Alistidia wa shule ya wasichana ana kabati la mvule lenye ufito wa kutundikia nguo. Mwaka ule wa 1954, makabati ya namna hiyo pale Muleba ungeyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Watu walitunza nguo zao sandukuni au kwenye kamba juu ya kitanda. Mama Josia, mke wa mchungaji, alituma salamu kwamba Alhamisi alasiri angekuja na wenzake wachache kuona jinsi mtu aliyesoma anavyopanga nguo.

Alistidia hakuweza kukataa. Alikuwa mtu wa haya. Mbele ya watoto arobaini sauti yake ilitosha darasa zima, lakini mbele ya watu wazima wanne ilimkaukia kooni. Basi Jumanne, aliporudi kutoka shuleni, alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akatandika mkeka, akamwaga kila kitu chini kama walivyofundishwa chuoni katika somo la maarifa ya nyumbani. Mafungu matatu: za kuvaa, za kushona, za kutoa.

Kazi ilikwenda vizuri. Magauni mawili ya kufundishia na shuka mbili nyeupe alizokuwa akizitunza kwa ajili ya siku ya kuolewa zikaenda kwenye za kuvaa. Sweta la kijani lililotobolewa na nondo likaenda kwenye za kushona. Gauni la buluu lililopauka makwapani, kanga iliyochujuka na blanketi lililobaki nyuzi tupu zikaenda kwenye za kutoa, wapewe maskini wa usharika. Chini kabisa ya sanduku, ikiwa imekunjwa mara nne, ilikuwapo lubugo ya Bibi.

Haikuwa yake, alikuwa amewekewa amana. Bibi Verdiana aliileta miaka miwili nyuma kwa sababu nyumba yake ya Rubafu ilikuwa na panya, na sanduku la bati panya hawalitoboi. Ilikuwa nguo ya magome ya mti, nyekundu kama udongo baada ya mvua. Marehemu Babu Buberwa alibandua gome kwenye mti wa mutoma wa kibanja chake cha migomba na kulitwanga kwa nyundo ya mti mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka likawa laini. Mutoma huo ulikwisha kukatwa ili kupisha kahawa. "Nitalazwa kaburini ndani ya hii," Bibi alisema siku ile. "Mchungaji anifunike kitambaa chake cha marekani juu, sina ugomvi naye. Lakini inayonigusa mwili iwe ya mkono wa Buberwa."

Alistidia aliikunjua, harufu ya moshi wa miaka thelathini ikajaa chumbani. Alijaribu kuitundika kabatini. Magauni aliyokwisha kuyatundika yakaanza kunuka moshi. Akawafikiria akina mama wakiingiza vichwa vyao pale ndani na kutazamana. Hapo ndipo alipofanya alilolifanya. Alikumbuka vizuri kwamba Bibi alikuwa akiianika juani na kuipigapiga kwa fimbo, na kwamba hajapata kumwona akiitia majini. Angeweza kumuuliza jirani yeyote mwenye mvi. Lakini mwalimu aliyesomea maarifa ya nyumbani atamwulizaje mtu jinsi ya kutunza nguo?

Akachemsha maji. Akaikatia sabuni ya mche kwenye karai, akailoweka, akaifikicha.

Ilimvimbia mikononi kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Alipoikamua ilichanika, na kila alipoishika ili kuiokoa ilichanika zaidi. Aliyoianika nyuma ya nyumba ilikuwa na matundu ya kupitisha kichwa, na ilipokauka ikakakamaa.

Hakulia. Aliangalia kama kuna mtu aliyemwona. Kuitupa jaani hakuthubutu, maana lubugo ikionekana jaani kijiji kizima kitauliza ni ya nani. Akachukua mkasi, akavikatakata vile vipande vilivyokuwa bado vizima kuwa vya mraba, akavipeleka darasani Jumatano viwe vifutio vya ubao. Vilivyobaki alivitia motoni. Vifutio vilifuta vizuri kuliko matambara. Mwalimu Damian alipita, akachukua kimoja, akasema, "Mwalimu, wewe una akili," naye akajibu "Asante" huku akitazama sakafu.

Alhamisi, saa nane mchana, kipindi cha mwisho, alikuwa akifundisha kugawanya. "Shamsia, futa ubao," alisema. Shamsia, binti wa mwenye duka, akachukua kipande dirishani, akafuta, akakirudisha. Watoto wakainuka ghafla wote pamoja. "Shikamoo, Bibi!"

Bibi Verdiana alikuwa amesimama nje ya dirisha na mkongojo wake. Alikuwa amelala Bukoba kwa ndugu, akapata lori la kahawa asubuhi.

"Marahaba, wanangu. Someni, someni," alisema. "Nitakaa hapa kivulini."

Kipindi kilipokwisha Alistidia alimkuta ameketi chini ya dirisha lile lile. Alimpigia magoti, akamsalimu, akambebea furushi mpaka nyumbani, akampa maji. Bibi alilizunguka kabati, akalipiga kofi ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Huyu mnyama anakula nini?"

"Nguo, Bibi."

"Anakula nyingi. Na yangu imo tumboni mwake? Ilete niianike. Mwezi huu nimeota mara mbili nikiwa na babu yako. Nataka kuiona."

Alistidia aliushika mlango wa kabati. "Haimo humu, Bibi. Ipo Bukoba, kwa fundi Burhani. Ilikuwa na tundu dogo. Anaitia kiraka."

"Fundi wa cherehani?"

"Ndiyo, Bibi. Ni fundi mzuri."

"Mawe! Lubugo kwa cherehani?" Bibi alitikisa kichwa polepole. "Lubugo hushonwa kwa mkono, mwana wange, kwa uzi wa ukindu. Cherehani ingeipasua." Kisha akaingiza mkono kifuani, katika pindo la kanga yake, akatoa kipande cha mraba cheupe kwa vumbi la chaki, akakiweka juu ya goti lake. "Kilikuwa dirishani. Kipindi kizima nimekishika. Nikasema, ngoja, ataniambia mwenyewe."

Uongo ukikamatwa hivyo, mtu hana pa kuweka macho. Alistidia alipiga magoti na kusema yote: wageni, moshi, karai, sabuni, mkasi. Alisema haraka, akimeza maneno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, wala hakupaza sauti. Angempiga mkongojo ingekuwa nafuu.

"Harufu," alisema mwishowe. "Ni moshi wa jiko langu. Ndio uliowalea baba yako na ndugu zake."

"Bibi, nitatafuta nyingine. Huku Ihangiro hawakosekani wanaotwanga..."

"Tafuta hata kumi. Utampata Buberwa wa kuzitwanga?"

Kisha Bibi akaugeukia mkeka, yalipobaki mafungu mawili ambayo hayakuingia kabatini, akauliza kila moja ni la nini. Alistidia alimweleza. Bibi akainama kwenye la mwisho, akalivuta lile blanketi lililobaki nyuzi.

"Basi nitachukua hili."

"Hilo la kutoa, Bibi! Ni la maskini. Chukua shuka. Chukua zote mbili."

"Shuka utaolewa nazo. Mimi nitakuwa nimelala tu, nani ataniona?"

Wakavutana nalo, mmoja huku, mwingine kule, na ndipo hodi ikapigwa. Wageni walikuwa wamefika: Mama Josia mbele, Mama Datius aliyejulikana kwa kicheko chake, na wengine wawili nyuma.

"Kasinge waitu!" Mama Josia alimsalimu Bibi kwa kuinama. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuruka hadi kabatini. "Hebu tazameni! Kila kitu mahali pake. Na blanketi hilo, Bibi?"

"Nimepewa na mjukuu wangu," Bibi alisema bila kusita. "Panya wa Rubafu wamekula lubugo yangu ya kuzikiwa. Nimekuja kulia kwake, naye hakuniacha nirudi mikono mitupu."

"Mungu akubariki, mwalimu!" Mama Josia alimshika Alistidia mkono. "Mmeona? Wengine wakisoma huwasahau wazee. Jumapili nitalisema kanisani."

Bibi alimtazama mjukuu wake kwa jicho la kumwambia nyamaza. Na angenyamaza. Bibi alikwisha kumfungulia mlango wa kutokea, angepita tu. Lakini mkono wa Mama Josia ulikuwa bado umeushika wa kwake, una joto, na hakuweza kuuvumilia.

"Si panya," alisema. Yalisikika kama mnong'ono, akayarudia. "Si panya, Mama. Ni mimi. Niliifua."

"Uliifua lubugo?" Mama Datius aliuliza. "Kwa maji?"

"Ya moto. Kwa sabuni. Halafu nikaikatakata, watoto wanafutia ubao."

Mama Datius aliachia kicheko, akakizima kwa kiganja. Mama Josia aliuachia ule mkono. Wale wawili wa nyuma walianza kutazama kuta. Bibi alikuwa amekasirika sasa, kweli kweli, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nilikuwa nimekwisha kulifunika. Nani kakutuma ulifunue?"

"Hakuna, Bibi."

"Unataka wakuseme mpaka Bukoba?"

"Waseme."

Bibi aliliachia blanketi. "Vilivyobaki ni vipande vingapi?"

"Na hicho, saba."

"Kavilete."

Alikwenda shuleni mbio na kurudi navyo, amevikung'uta mpaka mikono na kifua chake vikawa vyeupe. Hakuna mgeni aliyekuwa ameondoka. Bibi aliyaondoa yale mafungu ya nguo kwenye mkeka kwa mkongojo, akaketi, kisha akajinyoosha chali, miguu pamoja, mikono ubavuni.

"Bibi, inuka," Mama Josia alisema kwa hofu. "Si vizuri."

"Napimwa nguo, mke wa mchungaji. Nyie hampimwi?" Akafumba macho. "Alistidia. Anza hapa shingoni. Tuone vitafika wapi."

Alistidia alipiga magoti. Alikiweka cha kwanza, kikateleza, akakiweka tena. Viwili mabegani, viwili chini yake. Vidole vyake viliacha alama za chaki kila vilipogusa. Cha sita na cha saba vilifika kitovuni, hapo vikaisha.

"Vimefika wapi?" Bibi aliuliza.

"Kitovuni, Bibi."

"Basi kifua kimepata. Kwingine nifunikeni mnavyotaka." Hakufumbua macho. "Mama Datius, wewe una ukindu kwako?"

"Ninao, waitu," Mama Datius alijibu. Hakuwa akicheka tena.

"Mletee huyu. Na sindano. Atashona hapa hapa, nikiwa natazama. Akivuta uzi kwa nguvu nitamwambia."