Upande wa Tatu

Tundu la kwanza la dema lilitoka limebanwa, kama jicho la mtu anayekonyeza. Tofiki akalifumua kwa mkono wa kushoto na meno, akalisuka upya. Likatoka vilevile. Tundu la mtego huu wa samaki lina pembe sita, zote pana, na hivyo ndivyo alivyowasukia wavuvi wa Shimoni tangu ujanani. Lakini tangu apatwe na kiharusi, kiwiko chake cha kulia kilikuwa kimejikunja, nazo fito za mianzi zilifuata mkunjo wa mkono. Pembe mbili za tundu zilichongoka, nne zikalala.

Hata hivyo, si dema lililomnyima usingizi. Fauzia, binti yake wa pekee, angeolewa baada ya Idi, na katika kufunga nikaha baba ndiye anayenyoosha mkono wa kulia, akaushika wa bwana harusi, akamuoza mwanawe. Makame, mdogo wake, alikuwa amekwisha kujitolea.

"Nikuwakilishe mimi, kaka. Sheria yaruhusu, na hapana atakayekucheka."

"Najua yaruhusu. Ila huyu nilimpokea kwa mkono huu siku aliyozaliwa. Nataka nimtoe kwa mkono uu huu."

Makame akayaacha hayo. Alimjua kaka yake kwa ubishi.

Huko Msambweni, Salwa, binti aliyemfanyisha mazoezi ya viungo hospitalini, alimwamkia, kisha akakiweka kipimo chake cha plastiki juu ya kiwiko.

"Bado ni pembe kali, baba. Haijafika hata mraba."

Uso wa Tofiki ukasawijika. Salwa akamgusa bega, kiwiko, kisha kiganja.

"Hii ni pembetatu, ila upande wake wa tatu hauonekani, huu wa kutoka begani hadi kiganjani. Kiwiko kikifunguka, nao warefuka. Tukiipata pembe butu, mkweo utamfikia. Nyumbani wafanya nini?"

"Nasuka dema. Latoka kombo, nalifumua."

"Suka, lakini usifumue. Hayo ya kombo yatakuonyesha ulikotoka."

Akatii, ingawa roho ilimuuma kuiacha kazi mbovu mahali panapoonekana. Kila alasiri Fauzia alimkanda kiwiko kwa kitambaa cha maji moto, akikivuta polepole, naye Tofiki akimtania kwamba amepata mtesaji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Dema likakua. Huko chini matundu yalikuwa yamefinyana. Kuelekea juu yalianza kuachama, hili kidogo, lile zaidi. Asubuhi moja alisuka tundu ambalo pembe zake zote sita zilifunguka, akalia bila kujificha. Alimshukuru Mola zaidi kwa tundu moja kuliko alivyowahi kumshukuru kwa madema yote ya maisha yake.

Siku ya nikaha msikiti ulijaa. Swabir, bwana harusi, aliketi mkekani mbele yake, macho chini. Shekhe akaashiria. Tofiki akausukuma mkono. Kiwiko kikafunguka, kikaupita mraba, kikatetemeka, kikagoma. Kiganja kilikuwa kimebakisha shubiri moja tu. Makame akaanza kuinuka kumsaidia.

Swabir hakungoja. Alijisogeza mkekani hadi magoti yao yakagusana, akautia mkono wake ndani ya ule wa mzee.

"Nimekuoza binti yangu Fauzia," Tofiki akasema, ulimi ukiwa mzito lakini kila neno likisikika, "kwa mahari tuliyopatana."

"Nimekubali kumuoa."

Dua ikasomwa, watu wakaitikia amina. Ukafika wakati wa kuachana mikono, navyo vidole vya Tofiki vikakataa. Vilikuwa vimejifunga, na kadiri alivyojaribu kuvifungua ndivyo vilivyokaza. Jasho likamtoka. Akautazama mkono wake kwa aibu, kisha akamtazama Swabir.

"Taratibu, baba," Swabir akamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi siendi popote."

Hakuwahi kumwita hivyo. Tofiki akasema Alhamdulillahi, akaacha kupigana na vidole vyake. Nyuma yao kahawa ikaanza kumiminwa, na sahani ya halua ikapitishwa safu kwa safu. Ilipomfikia Swabir, ambaye mkono wake wa kulia haukuwa huru, aliiacha ipite.