Kina cha Debe la Luciana

Jumatatu moja ya Oktoba, Luciana alipima upya alizeti yake uani, kule Ilongero. Jumamosi yalikuwa madebe ishirini na manne. Sasa yalitoka kumi na manane, na debe lilikuwa lilelile alilolitumia tangu enzi za ushirika.

Manase, mnunuzi kutoka Singida mjini, alikuwa amekubali kuleta bati moja kwa kila madebe matatu. Chumba cha Klara, mama yake Luciana, kilikuwa kimeshaezuliwa, kikisubiri bati nane kabla ya mvua.

Manase aliteremka kwenye pikapu, akaamkia, akaingiza mkono kwenye debe. Ulizama mpaka begani. Kwa nje debe halikuwa limeongezeka hata kidogo.

"Mama, hili sijaligonga mimi," alisema, maana wanunuzi wa soko huria walijulikana kwa kugonga matako ya debe yatutumke, libebe zaidi. "Limeshuka lenyewe. Jana nimekuta lingine Ikungi."

Redio ya Mughwai, mumewe Luciana, ilikuwa ikitangaza kwamba bei za hisa zimeanguka katika nchi moja tajiri.

"Huko wanakula alizeti yetu?" Luciana aliuliza.

"Hata hawaijui," Mughwai alijibu.

Luciana aliinama akasikiliza ndani ya debe. Chini kabisa simu nyingi zilikuwa zinalia bila kupokelewa. Akanyanyuka, akafunga kanga yake vizuri, akachukua bati sita.

Wiki ya tatu redio ilisema soko la huko limepanda na watu wanapongezana. Luciana alipima mtama. Kina cha debe kilikuwa kilekile cha kufika begani. Hapo alikasirika, tena kwa haki kabisa, akalipiga debe teke moja la nguvu. Redio iliendelea kusema huko kumetulia.

Mvua ikaja. Mwingine angekaa akalia. Luciana alisogeza kitanda cha mama yake, akaliweka debe chini ya pengo la bati mbili. Maji ya msimu mzima yaliingia humo na debe halikujaa. Sakafu ilibaki kavu, na sifa za Luciana zikafika mpaka kule Mkiwa.

"Mwanangu ana akili," Klara aliwaambia majirani, amejikunyata ukutani kwa baridi.

Kila jioni Luciana alisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Hakuna mtu wa huko aliyetajwa kuwa amelowa.