Pengo la Akello

...na mbona mkono wa kushoto umeganda hivi, Ramula anaukodolea macho, wa kulia umekwisha kimbia mbele na huu umeng'ang'ania meno ya piano hauachii, ah, si kusuka makawa ya kufunikia chakula huko, miaka yote hiyo wa kushoto kazi yake kushika tu, wa kulia ndio unaozunguka, sasa nani wa kuuambia kwamba hapa Nkoma, sebuleni kwa Peace, nao unatakiwa ucheze, na Jumamosi inakaribia, kumbukumbu ya Akello, kanisa litajaa, na Peace alishasema, kwa sauti ile ile ya kubembeleza ya mama yake, "Mama Ramula, ile wimbo ya mama hapana mtu mwingine anajua, ni wewe tu," na kweli, Akello aliutunga mwenyewe kichwani, vidole hivi vikiusahau basi umezikwa naye... "Mama Ramula! Nitie sukari, ama uko na ile ugonjwa?" Peace huyo, jikoni, ugonjwa gani tena, watu wa Mbale ukinenepa wanakupa ugonjwa, ukikonda wanakupa mwingine, "Tia! Tia tu!" na wifi wa Ramula, Rashidah, yule wa Nakaloke, ambaye mdomo wake hufika sokoni kabla yake, atasema Ramula kajifunga gurbaba, shuka lake la sikukuu, kaenda kupiga piano kanisani, uzee umemharibu, na aseme, kwani enzi Rashidah naye akikaa Jinja nani alikuwa akijipitisha kwa wapiga tarumbeta wa bendi ya polisi na kanga mpya kila Ijumaa, Ramula naye anayo ya kusema... haya, tena, tangu mwanzo, mkono wa kulia unapanda pole pole, na hiyo hapo kantini ya polisi Jinja, Ramula bado mtoto, sinia la mandazi ya mama yake liko kichwani, mandazi yanapoa, naye kasimama mlangoni kama kapigwa msumari, anamtazama mke wa afande wa bendi, mwanamke mrefu wa Lira, akicheza piano peku, kidole gumba cha mguu kikigonga sakafu, "Wewe mtoto ya mandazi, kuja hapa, hapana ogopa, hii kitu hapana uma," na jino moja la katikati la piano ile mchwa walikuwa wamelila kwa ndani, ukilibonyeza linazama kimya, "Hii ilikufa," Akello akasema, "mimi naimba kwa nafasi yake," akalikwepa, akaitoa sauti ile kwa mdomo, mmm, vidole vikaendelea kama hakuna msiba, na Ramula akajifunza hivyo hivyo, kukwepa na kuimba, wakicheka mpaka mandazi yanakuwa mawe na kule nyumbani fimbo inamngoja... halafu harusi, Muzafaru akamleta Mbale, na Idi hii nitakwenda Jinja kumsalimu Akello, na Idi ijayo, na ijayo, mbali gani, asubuhi unatoka mchana umefika, lakini mtoto ana homa, lakini mvua, lakini makawa ya watu hayajakwisha, hadi Peace akapiga simu analia... na tazama, mkono wa kushoto umeachia wenyewe, haya, twende, unakaribia pale penye jino lile, kidole kinataka kuruka, lakini ngoja, piano hii ya Peace ni nzima, Jumamosi watasema kibibi karuka, basi abonyeze, abonyeze tu... ting... si hiyo, hii iko juu, safi, kali, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba, abonyeze tena, ting, anaimba ile ya Akello, mmm, chini kabisa, hazikutani hata kidogo... ha! kumbe! Akello wee, mke mzima wa afande wa bendi, kumbe siku zote zile ulikuwa ukikosea, na mimi nakufuata kama kondoo! kicheko kinamtoka mpaka machozi, "Mama Ramula, unacheka nini?" "Mama yako!" na maji huko jikoni hata hayajachemka, na Ramula anapangusa macho kwa ncha ya gurbaba, watasema karuka, waseme, watasema kapotea, Rashidah awe wa kwanza, anaanza upya, mikono yote miwili, na palipo na jino lile zima kidole kinapita juu bila kuligusa, anafungua mdomo, mmm, chini kidogo, chini zaidi, hapo, hapo hapo.