Mpishi Aliyekwenda Korea

Samsoni hakuwahi kuzaliwa. Niliseme hilo mapema, maana chuoni Braamfontein kuna watu wawili watatu walioanza kumpenda.

Nilimzaa mimi, Bakiri, mpiga pasi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa La Rochelle, hapa Afrika Kusini. Nilimzaa nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya saluni ya Naseeb kinyozi, Jumamosi moja baada ya Alasiri. Hapo ndipo tunapokutana wazee wa pwani tuliobaki. Tuko wanne. Zamani tulikuwa kumi na mmoja. Tuna sheria moja: mwenye zamu ya kununua kahawa ndiye mwenye ruhusa ya kuongopa, na haulizwi neno mpaka birika likauke. Kwa sheria hiyo mimi nimewahi kupiga pasi suruali ya waziri akiwa ameivaa, na Seif, fundi viatu, amewahi kumshonea ngamia jozi mbili, ngamia akarudi kulalamika kwamba vya nyuma vinambana.

Hakuna anayedanganyika. Mtoto aliyekulia miguuni pa wanywa kahawa huijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini Shufaa hakukulia huko.

Shufaa ni binti wa Tumu, jirani yangu. Tunachangia uwanja mmoja na bomba moja la maji. Tumu alimleta kutoka Unguja akiwa na miaka mitatu. Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema anakisema kama mtu anayevuka barabara wakati robot, ile taa ya magari, imeharibika: anatazama huku, anatazama huku, ndipo anatia mguu. Alikuwa mwaka wa nne wa historia chuoni, na katika historia zote za dunia hii akaichagua ya Korea.

"Alianza na tamthilia za kwenye simu," mama yake aliniambia. "Nikasema sawa, ujana. Sasa hata wali haumpandi mpaka autilie kabichi ya pilipili."

Lakini haikuwa tamthilia. Asubuhi tulipokuwa tunangoja ndoo zijae, alikuwa ananisimulia.

"Shikamoo, Babu. Unajua nchi ile ilikatwa na watu wawili wenye ramani? Maofisa wa Kimarekani. Walipewa kama nusu saa. Nchi yenyewe hawakuijua."

"Nusu saa? Mimi sketi moja ya marinda inanichukua zaidi."

"Ndiyo nakwambia, Babu. Sketi!"

Siku nyingine alikuja amenuna. Alikuwa anasoma miaka ya Wajapani, jinsi walivyoondoa Kikorea mashuleni na kuwabana watu wachukue majina ya Kijapani. "Nikifika hapo nafunga kitabu," alisema. "Mimi hakuna aliyenikataza, Babu. Mimi lugha imenitoka tu. Imetoka hivihivi, mlango uko wazi."

Nikafunga bomba.

Na kulikuwa na jambo moja alilolirudia mara tatu, nami nikalishika. Mwaka 1983, miaka thelathini baada ya bunduki kunyamaza, televisheni ya kule ilitangaza kipindi cha watu kutafuta ndugu waliopotezana vitani. Kipindi kilipangwa kwa saa moja na nusu. Kikaenda miezi minne na zaidi. Watu walijaa nje ya kituo na mabango vifuani: mimi fulani, baba yangu alikuwa fundi seremala, dada yangu ana kovu chini ya jicho.

"Tatizo ni kwamba sisi hatumo," alisema siku hiyo.

"Sisi nani?"

"Watu kama sisi. Wahabeshi walikwenda kupigana kule, sawa, wao wameandikwa. Marubani walitoka hapahapa Afrika Kusini, lakini wazungu watupu. Eish, Babu, nasoma usiku na mchana, nikimaliza najiuliza, mimi natafuta nini humu? Nachungulia harusi ya watu dirishani."

Sasa uso huo wa mtu anayechungulia dirishani ndio niliouona Jumamosi ile. Tumu alimtuma atuletee kashata. Zamu ya kahawa ilikuwa yangu. Akakaa pembeni kidogo, simu mkononi, na mimi ulimi ukaniwasha. Kumbuka ruhusa ninayo, birika limejaa.

"Nyinyi mnafikiri marubani wale walikula nini Korea?" nikaanza. "Mpiga pasi niliyempokea kazi kwenye karakana ya nguo Doornfontein, Samsoni, ndiye aliyewapikia."

Naseeb akapaka sabuni kidevu cha mteja wake dirishani, akatabasamu. Seif akafumba macho apate kuona vizuri. Nikaendelea. Samsoni alipakiwa ndegeni ndani ya sanduku la unga wa mahindi, kwa sababu kamanda hakuweza kurusha ndege bila ugali. Jina lake halikuandikwa popote kwa kuwa alisafiri kama unga. Na baridi ya kule, jamani! Kivuli cha mtu kiliganda chini, asubuhi lazima ukibandue kwa koleo ndipo uweze kwenda kuchota maji. Samsoni alimpa uji mtoto mmoja wa Kikorea kila asubuhi, mpaka siku ambayo mtoto hakuja, kikabaki kivuli chake kimeganda mlangoni pa jiko.

Hapo hata Seif alifumbua macho. Ilikuwa kazi nzuri. Sijawahi kuongopa vizuri kama siku ile.

Shufaa alikuwa amerekodi yote. Jumatatu akaja na karatasi nitie sahihi, ya kwamba nimeridhia masimulizi yangu yatumike. Nilijua kwamba ameamini? Nilijua nusu. Nusu nyingine ilikuwa inafurahi kwamba maneno yangu yanakwenda chuo kikuu wakati mimi mwenyewe niliishia darasa la tano. Nikatia sahihi yenye mikia mitatu. Akaja tena mara nne, akauliza mwezi, mahali, vyakula. Kila alipouliza nilimwongezea, kahawa hakuna, birika hakuna, ruhusa hakuna.

Aliandika sura nzima ya tasnifu yake juu ya Samsoni. Nilisomewa vipande uwanjani, Tumu akifua. Kivuli kilichoganda, Shufaa alieleza, ni namna ya mzee kusema juu ya huzuni isiyosemeka. Sanduku la unga ni namna ya kusema kwamba mtu mweusi alihesabiwa kama mzigo. Nikasikiliza nikastaajabu. Mimi nilidhani ni sanduku la unga.

Julai akaja mbio, kitambaa kimemtoka kichwani. Kuna nafasi moja ya kwenda kusoma Seoul miaka miwili, kila kitu kimelipwa. Wamebaki wawili, na yeye ndiye wa kwanza kwa ajili ya Samsoni. Tumu alipiga kigelegele mpaka wapangaji wa mbele wakachungulia. Nilielewa kwa nini. Karatasi ya Shufaa ya kukaa nchi hii imefungamana na masomo, inakwisha Desemba. Bila Seoul, hana chuo. Bila chuo, hana karatasi, na huko Unguja hamjui mtu hata wa kumwonyesha choo kilipo.

"Mwambie," Naseeb alininong'oneza.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"We nyoa watu, Naseeb."

Agosti mwalimu wake akataka kuniona. Tulipanda basi la mwendo kasi mimi na Shufaa mpaka Braamfontein, yeye amevaa baibui la Idi, mimi suti niliyoipiga pasi mara mbili. Dokta Emery ni Mkongo wa Lubumbashi, mpole, miwani imefungwa kwa kamba. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, bon, tuko na furaha sana kukuona. Miye nilisoma ile habari ya kivuli, nikalia. Kweli nakwambia. Nikamwita bibi yangu, mama ya watoto, naye akalia."

"Ahsante, baba," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na tarehe, aina ya ndege, mpaka jina la mto. Ningeweza kuongopa mpaka Isha.

Lakini hakuniuliza chochote. Alitoa karatasi moja.

"Sisi tumefikiri hivi. Samsoni huyu iko na watoto, iko na wajukuu, pengine Soweto, pengine Alexandra. Hawajui baba yao alienda wapi mwaka ule. Kesho kutwa tutamtangaza kwa redio. Jina, miaka, ile kazi ya Doornfontein. Watakuja tu."

"Hawatakuja," nikasema.

"Watakuja, mzee! Siku zote kuna mtu anakuja."

Nikamwona. Sikumwona Samsoni, nilimwona atakayekuja. Mama wa miaka sabini na kitu, kutoka Orlando au Diepkloof kule Soweto, amefunga doeki safi kichwani, ameshika picha ndani ya mfuko wa plastiki, baba yake aliondoka mwaka hamsini na moja na hakurudi. Mji huu wanaume wameondoka sana. Angekuja kukaa kwenye kiti hicho nilichokalia, kuniuliza mimi kama baba yake alikuwa anakula vizuri.

Nilimtazama Shufaa. Alikuwa anatabasamu, ananisubiri niseme ndiyo.

"Dokta," nikasema, "Samsoni nilimtunga."

Dokta Emery alicheka kwanza. Watu hucheka. Kisha akavua miwani. Nikaeleza sheria ya kahawa, zamu, birika. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo mwingine.

"Na kovu la mkononi?" Shufaa akauliza kwa sauti ndogo. "Samsoni alipochomwa na sufuria?"

"Nililiongeza uliporudi mara ya pili."

"Nilikuuliza, Babu. Nilikuuliza mara nne."

"Uliuliza, mwanangu."

Tukarudi. Basi lilisimama kituo baada ya kituo, na yeye aliutazama mlango ukifunguka na kufungwa.

Dokta Emery hakuwa mtu mbaya. Alimpa wiki mbili aitoe sura ile aweke nyingine, iwe na ushahidi wa kweli. Siku tisa zikapita. Tumu hakunisalimu bombani. Akiniona tu, anaondoka na ndoo nusu, haijajaa. Siku ya kumi Shufaa akabisha mlango wangu adhuhuri, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaiweka simu juu ya pasi yangu ya zamani.

"Niambie jambo moja la kweli," alisema. "Hujawahi kukutana na Mkorea hata mmoja? Miaka yote hiyo hapa?"

"Sijawahi. Labda Mchina. Bosi wangu wa Doornfontein alikuwa Mchina."

"Alikuwaje?"

"Mfupi. Mkimya. Mchana alikula peke yake, ameelekea kalenda yake ya ukutani, kwa vijiti vyake vya chuma."

Akainua kichwa. "Vya chuma? Si vya mti?"

"Vya chuma. Alivifuta kwa leso akavitia mfukoni."

Akachukua kalamu, akaandika kitu kwenye kiganja chake, akanionyesha. Viduara na vistari. "Maandishi ya kwenye kalenda yake yalikuwa hivi? Au yalikuwa yamejaa michoro kama vibanda?"

Nilikisogeza kile kiganja karibu na macho. "Hivyo hivyo," nikasema.

"Babu. Huyo hakuwa Mchina."

Miaka kumi na mmoja nilimpigia pasi mtu yule. Shufaa akasogeza simu karibu. Aliuliza alitoka mji gani, sikujua. Alikuja lini, sikujua. Alikuwa na mke, watoto? Sikumwona nao. Alipofunga karakana alikwenda wapi? Tulikuta kufuli mlangoni. Nilichimba kichwa changu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mwa koti la mwingine, na jambo moja tu likatoka.

Mwaka elfu mbili, Agosti, alileta televisheni ndogo akaiweka kwenye meza ya kukatia vitambaa. Wazee walikuwa wanakumbatiana ukumbini, wanashikana nyuso. Bosi alisimama mbele yake kuanzia asubuhi. Halafu akazima umeme wa mashine zote, akasema twendeni nyumbani, na ilikuwa saa sita mchana. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye ukosi wa shati, hayafuti.

"Ulimwambia nini?" Shufaa akauliza.

"Yeye, sikumwambia kitu. Wenzangu nje niliwaambia timu yake imefungwa. Walicheka mpaka kituo cha teksi."

"Wale walikuwa ndugu waliopotezana vitani, Babu," Shufaa alisema. Akaisogeza simu tena.

"Jina lake?"

"Tulimwita Mchina."

"Na yeye alikuitaje?"

"Bakiri. Bakiri Mwinyihija. Alijifunza kulitamka lote, siku ya kwanza. Alinirudisha mara tatu nimsikilize kama amepatia."

Alibonyeza simu ikazima. Akaitazama. "Dakika sita," alisema. "Samsoni ana saa tano."

Sura haikuandikika. Hakuna anayejaza kurasa thelathini kwa vijiti vya chuma. Nafasi ilikwenda kwa mwenzake, binti wa Limpopo aliyeandika habari za bei ya mchele, na nasikia ameandika vizuri. Shufaa alipewa alama za kumwezesha kumaliza. Sasa anauza makava ya simu Rosettenville, mpaka Desemba. Akinipita uwanjani ananiamkia, Shikamoo Babu, anaitamka sawasawa kabisa, na hasimami.

Nimekwenda Doornfontein mara mbili kumuulizia bosi. Karakana imekuwa vyumba vya wanafunzi, dirisha letu limezibwa kwa matofali. Mlangoni kuna mlinzi, Jacques, kijana mstaarabu wa Bukavu. Mara ya pili aliniletea kiti.

"Mzee, unatafuta nani? Nitajie tu jina, niulize ndani, kuna fundi wa lifti amekaa hapa siku nyingi."

Nilikaa kwenye kile kiti. Jacques alingoja, kisha akaenda kumfungulia mtu mwingine.