Majina ya Miti ya Mlimani

Mama mkwe wangu, Selina, hakumpenda Urbano tangu alipomwona akishuka kwenye bodaboda na bunda la magazeti ya kukaushia majani.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

Urbano akaeleza kwamba anatoka chuoni, anaandika kitabu kidogo cha miti ya mlima wetu, majina yake ya Kinyaturu na kazi zake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemwambia kuwa hakuna anayeijua kama mama.

Mama akanitazama. Nilijua anawaza nini. Miaka miwili nyuma walikuja wanaume wawili wapole kama huyu, wakauliza majina ya miti, wakanywa togwa letu, wakashukuru. Mwezi haukuisha, misandali yote ya upande wa juu ikakutwa imeng'olewa na mizizi yake, na alama za matairi ya lori zimeteremka hadi barabarani.

"Njoo kesho asubuhi," mama akasema. "Mkwe wangu Eliana hapa atatusindikiza."

Tulipanda ndani ya ukungu. Huko juu mwezi wa saba baridi inauma, na ukungu ulipoachia, mlima Hanang ukaonekana mbali, ng'ambo ya mabonde. Urbano akagusa mti wa kwanza, akauliza jina. Mama akajibu bila kupepesa macho. Mimi nikajikwaa. Lilikuwa jina la mbuzi wetu, yule ambaye kwa Kinyaturu tunamwita Asiyeshiba.

"Na kazi yake, mama?"

"Kuni."

Mti uliofuata ukawa Mkia Mfupi. Uliofuata, Mvunja Zizi. Kazi yake? Kuni. Hadi saa sita zizi zima lilikuwa limeingia kwenye daftari, naye anashukuru kila mara. Nilitaka kumhurumia. Lakini kila mti aliupiga picha, kisha akaandika kwenye simu mahali ulipo. Mtu wa vitabu, mahali pa mti panamhusu nini? Nikamwacha aandike.

Mwezi wa kumi na moja alirudi. Kwenye mkutano wa kijiji akafungua kitabu chake, akaanza kusoma kwa furaha. Alipofika kwa Asiyeshiba, watu wakaangua kicheko. Jirani yetu, mzee Naftali, akasimama.

"Huo si mti, kijana wangu. Huyo ni mbuzi, na alinimalizia mtama!"

Urbano akafunga kitabu taratibu. Hakukasirika, na hilo likanitia shaka zaidi. Jioni akaja nyumbani, akamkuta mama anapepeta uwele.

"Mama, najua ulikuwa na sababu," alisema. "Lakini kuna watu wameomba kibali cha kuchoma mkaa mlimani. Wilayani wakaniuliza mlima ule una faida gani, nami nikawapelekea kitabu kinachosema miti yote ni kuni."

Ungo ukasimama mikononi mwa mama. "Nani wameomba?"

"Sijaambiwa majina."

"Au ni wewe?"

"Siyo mimi, mama."

"Mwizi naye husema hivyo hivyo."

Hata hivyo, hakurudi kupepeta. Nilimwona ameumia. Mwishowe akasema, "Kesho tunapanda tena. Simu yako itabaki hapa. Na kila utakachoandika, Eliana atakisoma."

Mama hajui kusoma, basi siku ile mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilisimama begani kwa Urbano, nikisoma kila mstari kwa sauti. Huu ni wa kifua cha watoto. Huu nyuki wanaupenda, tunatundika mizinga. Huu haukatwi, wazee huombea mvua chini yake. Mara mbili mama alisema, "Hapo futa," naye akafuta. Karibu na chemchemi kulikuwa na mti ambao mama aliupita bila kuutaja. Urbano akauelekezea kalamu.

"Huo siujui," mama akasema.

Urbano akamtazama, kisha akapita bila kuandika neno.

Kibali cha mkaa kilikataliwa mwezi wa pili. Urbano alikuja mwenyewe kutupa habari, na mama akamchinjia kuku. Alipoaga, tukamsindikiza hadi njia panda.

"Ni mtu mzuri," nikasema.

"Labda," mama akajibu. Akabaki amesimama pale, mkono juu ya macho, mpaka alipohakikisha ameshika njia ya mjini na siyo ile ya mlimani.