Jiko la Eluned Prosser

Fundi Tudor Beynon alipiga magoti mbele ya meko ya sebuleni, akavuta futi yake na kupima upana. Nyumba ya Eluned ilikuwa ya mawe, mojawapo ya zile ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wachimbaji wake huko Cwm Rhedyn, na meko yake ilitosha mtu kusimama ndani akiinama kidogo. Ndivyo alivyosimama Idwal, baba yake Eluned.

"Samahani, kaka," alisema Tudor. "Nyanyua mguu."

Idwal akanyanyua buti. Alikuwa bado kijana wa miaka thelathini na moja, kama siku aliyofia mgodini. Binti yake alikuwa amevuka sabini. Kila alasiri alipanda kutoka chini ya ardhi, mweusi kwa vumbi la makaa, akaota moto mekoni, kisha akarudi. Wenzake walipanda vivyo hivyo katika nyumba nyingine za mtaa ule. Mgodi uliposhika moto, kampuni ilijenga ukuta wa matofali kwenye njia yao, ili moto ukose hewa na makaa yasiteketee. Tume ya uchunguzi ikaandika kwamba watu walikuwa wamekwisha kufa kabla ukuta haujajengwa. Idwal alisema waligonga ukuta ule mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Aliwahi kumweleza hata wakili, lakini wakili akasema shahidi wa namna hiyo hapokelewi mahakamani.

"Kuna jiko hili la umeme," Tudor alisema, akifunua picha. "Dohani inabaki wazi. Ila, mama, nisikudanganye, kwa nyumba hii ni pambo tu. Hili la chuma ndilo litakalokausha kuta. Lakini lazima tuzibe meko yote kwa bamba."

Eluned alikohoa kwa muda mrefu. Daktari alikuwa amemwambia mapafu yake hayatavumilia tena baridi ile; moto wa wazi ulipeleka joto lote juu pamoja na moshi.

Jirani yake Morfydd, aliyekuja kuangalia picha na kumaliza biskuti, alicheka. "Unangoja nini, shoga? Mimi la kwangu nimeliweka tangu mwaka juzi. Sasa nalala na gauni jepesi kama bibi harusi!"

"Na kaka yako, aliyekuwa na baba mgodini?" aliuliza Eluned.

Morfydd alipangusa makombo kwenye sketi yake. "Alikuwa ananichafulia zulia," alisema, na hakucheka tena.

Eluned akamgeukia baba yake. "Baba, ukizibiwa hapa utapanda wapi?"

"Sitapanda."

"Basi nachukua la umeme."

"Acha ujinga, Luned. Nakusikia unavyokohoa hata nikiwa kule chini." Akainama kutazama picha, asiziguse kwa vidole vyake vyeusi. "Chukua la chuma. Hilo lenye mlango mpana."

Wiki iliyofuata Tudor alirudi na jiko akiwa peke yake, maana msaidizi wake alikuwa mgonjwa. Akalisukuma mpaka mahali pake, akaunga bomba, kisha akainua bamba la kuzibia. Lilikuwa zito, na kila aliposhika bolti upande mmoja, upande wa pili uliteleza.

"Lete," alisema Idwal kutoka ndani. Akalishika bamba kwa nyuma, vidole vikichungulia ukingoni. Mgodini kazi yake ilikuwa kusimika nguzo za kuzuia dari, na mikono yake haikutikisika.

"Hapo hapo, kaka. Usilegeze."

"Silegezi."

Tudor akakaza bolti moja baada ya nyingine. Ilipobaki ya mwisho, Eluned aligusa vidole vya baba yake. Vilikuwa vya baridi.

"Toa vidole, kaka, visibanwe," alisema Tudor.

Vidole vikatoka. Bolti ikakazwa.

Jioni ile kuta zilianza kukauka. Eluned alivua sweta, halafu soksi, akakaa mbele ya kioo cha jiko akiutazama moto. Kifua chake kilikuwa kimetulia kabisa, na kwa kuwa hakukohoa, alisikia vizuri mikono iliyokuwa ikigonga nyuma ya bamba.