Mwendo wa Kumlaza Shangazi Desanka

Huku kwetu Serbia, vijiji vya karibu na mji wa Požarevac, mtu akifanya kazi Austria hurudi na vitu viwili: nyumba ya ghorofa asimoishi, na gari. Slaviša, fundi wa vigae, alianza na gari. Lilikuwa jeusi, la Kijerumani, injini ya silinda nane, limetumika lakini bado lina nguvu za kutisha. Mkewe alikuwa ameshamwacha wakati huo, na nadhani gari lile lilimfariji kidogo.

Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa jioni, alitoka kazini kwake Vienna kwa kasi kama anafukuzwa. Alibana nyuma ya magari ya watu, akiwamulika wampishe, akikanyaga mafuta na breki kwa zamu. Gari lilikunywa lita kumi na saba kwa kila kilomita mia. Hakuwahi kufika nyumbani bila kujaza tena njiani, karibu na Szeged, kusini mwa Hungaria, na alifika amechoka, hasira juu. Alishaona hayo ndiyo maisha.

Shangazi Desanka aliingia kwenye gari hilo kwa sababu basi lake lilifutwa. Hakuwa shangazi yake wa damu. Ni mama wa kijiji cha jirani, umri umekwenda, ambaye alimuuguza mzee mmoja huko Vienna. Alikuwa akikaa naye wiki mbili mfululizo, kisha mwenzake anampokea zamu naye anarudi nyumbani. Mzee yule aliamka usiku mara kadhaa akiita jina la marehemu mkewe, na kila mara ilibidi Desanka aitike.

Safari ya kwanza walivuka mpaka wa Hungaria kwa kasi ile ile. Hapo aliomba washuke, akatapika kando ya kituo cha mafuta, akajipangusa kwa leso.

"Mwanangu," alisema, "sikuombi uniwahishe. Naomba nilale tu. Humu ndani ndipo pekee ambapo hakuna mtu wa kuniita."

Slaviša aliona haya. Akashusha mwendo hadi kilomita tisini kwa saa, akakaa nyuma ya malori. Desanka alilala mdomo wazi. Kila breki ilipoguswa, kichwa chake kilianguka mbele, kwa hiyo Slaviša akajifunza kutogusa breki: alitazama mbali, akiona taa nyekundu zinawaka huko mbele anaondoa mguu mapema, gari linapungua lenyewe likiwa kwenye gia. Kupandisha mwendo nako alipandisha polepole, asimshtue. Walipopita Szeged alitazama mshale wa mafuta akadhani umeharibika. Walifika nyumbani kwa tangi lile lile, na kioo cha dashibodi kilionyesha lita tisa na kidogo kwa kilomita mia.

Ikawa ndio mtindo wao. Desanka alikuja na chapati za jibini alizopika jikoni kwa mzee, wakala, kisha akalala. Slaviša aliniambia alikuwa anachoka bado, lakini uchovu wa namna nyingine, usio na hasira.

Shida ilikuwa watu. Kwenye sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao alijisahau akataja zile lita tisa mezani. Binamu yake Predrag, mwashi, naye wa Vienna, naye ana gari la aina ile ile, aliweka glasi chini.

"Farasi mia nne wale wa injini umewafungia wapi, zizini?" akauliza. "Au siku hizi unabeba maiti?"

Meza nzima ilicheka. Jina la Gari la Maiti likamganda. Wakamwita hivyo kanisani, wakamwita hivyo dukani.

Mwezi uliofuata, baada ya foleni ndefu ya mpakani Horgoš, wakiwa wameshaingia Serbia, Predrag alitokea na gari lake ubavuni mwao. Akapiga honi, akakunja mikono kifuani kama mtu aliyelazwa jenezani. Slaviša alikuwa amepiga magoti sakafuni wiki nzima akibandika vigae. Hakufikiri. Alikanyaga mafuta hadi mwisho.

Gari liliruka. Walikwenda sambamba, tambarare yote ile gizani, hadi Predrag alipomtangulia, na lori moja likatoka nyuma yake kulipita jingine bila kuwasha taa ya pembeni. Slaviša alikanyaga breki kwa nguvu zote. Chupa ya chai ilipaa ikagonga kioo, na mkanda ukamkata Desanka begani. Gari lilikaribia kabisa kugusa tela la lori. Predrag alikuwa ameshapotea mbele.

Desanka alishika bega lake, akitazama tela lile.

"Mimi nilikuwa nimelala, Slaviša," alisema. "Ungeniua nimelala."

Safari iliyofuata Desanka alipanda basi jingine, lile linalozungukia miji yote. Slaviša alimpigia simu mara mbili kuomba radhi. Alijibiwa kwa upole kwamba yamekwisha, na kwamba tikiti ameshakata. Predrag naye aliacha utani baada ya kusikia habari ya lori, ila hakuomba radhi.

Majira ya kuchipua mzee wa Vienna alifariki. Desanka alikuwa na mizigo ya miaka: masufuria, mablanketi, redio aliyoachiwa. Basi lilikataa. Akampigia Slaviša.

Slaviša alikwenda taratibu kuliko siku zote. Hakumulika mtu, hakugusa breki ila mpakani. Desanka alikaa wima, mikono juu ya mkoba, macho barabarani, Hungaria nzima. Chapati walikula. Karibu na Novi Sad, wakiwa wameshaingia Serbia, Slaviša akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, hukulala."

"Sijalala."

"Nimekwenda polepole."

"Nimeona, mwanangu. Umekwenda vizuri." Akamgusa mkono kidogo, akarudisha macho barabarani.

Mume wa Desanka aliwapokea getini na ndara miguuni, wote watatu wakashusha masufuria.

Baada ya Pasaka Desanka alipata kazi nyingine, kwa bibi mmoja wa Linz, mbele sana ya Vienna. Slaviša alijitolea kumfuata huko, ingawa ni kuzunguka. Desanka alimjibu kwamba ataangalia. Mpaka leo anakwenda kwa basi. Naye Slaviša bado anakaa nyuma ya malori, peke yake, na kiti cha pembeni kimejaa mifuko ya gundi ya vigae.